Kujua Ugonjwa ni Haki, Si Hisani

Kuna dhuluma zinazopiga kelele, na kuna dhuluma zinazotendeka kimya kimya katika foleni za hospitali. Mwananchi akipigwa rungu barabarani, picha hupigwa, magazeti huandika na mawakili hukimbilia mahakamani. Lakini msichana wa miaka 16 akizungushwa kutoka zahanati hadi kituo cha afya, na kutoka kituo cha afya hadi hospitali ya kaunti, kwa muda wa miaka miwili, akitibiwa maradhi asiyokuwa nayo huku maradhi aliyo nayo yakimla figo polepole, hakuna anayeandika. Wazazi huambiwa wawe na subira. Majirani hunong'ona kuhusu uchawi. Na wenye wajibu wa kutoa jibu hunyamaza, kwa kuwa kunyamaza hakuwagharimu chochote.

Hoja ya makala hii ni moja, nami naitoa mapema ili msomaji apate kuipima: mgonjwa ana haki ya kujua anachougua. Haki hiyo si hisani ya daktari mwenye moyo mwema, wala si bahati ya yule aliye na jamaa Nairobi. Imo katika Katiba yetu na katika sheria zetu. Kijana anapokaa miaka bila jibu, ilhali hatua za kwanza za kulitafuta jibu hilo zingechukuliwa katika hospitali iliyo karibu naye, hapo pana haki iliyovunjwa, na yuko mtu anayepaswa kuulizwa.

Nazungumzia kundi la maradhi ambalo wananchi wengi hawajalisikia mpaka liingie nyumbani mwao. Mwili wa binadamu una askari wake, yaani chembe nyeupe za damu na kingamwili, ambao kazi yao ni kupambana na vijidudu kutoka nje. Katika maradhi haya askari hao hukosa kumtambua adui, wakaugeukia mwili wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Wakenya waliofuata maandamano ya miaka ya 1990 hawahitaji kufafanuliwa maana ya mlinzi anayemshambulia yule aliyewekwa kumlinda.

Kisukari cha aina ya kwanza, kinachowapata watoto na vijana, ni mmojawapo wa maradhi hayo. Baridi yabisi inayovimbisha na kupinda vidole ni mwingine. Lakini ule unaowatesa zaidi wanaotafuta jibu ni lupasi, kwa sababu hauna sura moja. Kwa huyu huanza na uchovu usioisha hata baada ya usingizi. Kwa yule huanza na maumivu ya viungo asubuhi, nywele kunyonyoka, vidonda mdomoni visivyouma, homa zinazokuja na kuondoka, au upele mashavuni unaozidi akikaa juani. Vitabu vingi vya tiba vimeuonyesha upele huo kwa picha za watu weupe, ambao kwao huonekana mwekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi huweza kuonekana kama baka jeusi au la zambarau, na mtazamaji asiyefunzwa akadhani ni chunusi au ni madhara ya mafuta ya kujipaka.

Kati ya kila wagonjwa 10 wa lupasi, takriban 9 ni wanawake, na mara nyingi ugonjwa huanza kati ya umri wa miaka 15 na 44. Hiyo ndiyo miaka ya masomo, ya ajira ya kwanza na ya uzazi. Karibu nusu ya wagonjwa huathirika figo, na figo haipigi kelele inapoanza kuharibika. Mgonjwa haoni uchungu wowote, ila mkojo wake huwa na protini na damu ambazo macho hayawezi kuziona. Atakapovimba uso na miguu, muda wa thamani utakuwa umekwisha kupotea.

Natoa mfano wa nyumbani kwetu, si kwa kuwa ni wa pekee, bali kwa sababu ni wa kawaida. Mama mzazi ameniruhusu kuutaja bila majina. Mpwa wangu alikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni alipoanza kulalamika kwamba amechoka. Mwanzoni matroni alidhani anakwepa kazi. Kisha zikaja homa. Katika mwaka mmoja alipewa dawa za malaria mara tano, na katika hizo tano ni mara moja tu damu yake ilipimwa. Mara tatu aliambiwa ana homa ya matumbo, kila mara kwa kipimo cha Widal, kipimo ambacho wataalamu wamekwisha kuonya kwamba kikitumiwa peke yake hupotosha, hasa katika nchi ambako watu wengi wamewahi kukutana na vijidudu vya homa hiyo. Alipimwa virusi vya UKIMWI mara mbili, na mara zote mbili hakuwa navyo. Alipimwa kifua kikuu. Hakuna hata mmoja kati ya waliompima aliyeketi akaandika ukurasa mmoja wa kuunganisha homa, viungo, nywele na upele.

Vidole vilipovimba, mwenye duka la dawa alimpa vidonge vya prednisoloni bila karatasi ya daktari. Kwa wiki mbili msichana alicheka, akala, akarudi darasani. Familia ikamshukuru Mungu. Vidonge vilipokwisha, ugonjwa ulirudi kwa nguvu zaidi, na dalili ambazo zingemwongoza daktari zilikuwa zimefunikwa kwa muda. Dada yangu aliuza mtamba, kisha ikaitishwa harambee ya ukoo. Wapo waliosema ni mkono wa mtu. Siwalaumu sana, kwa maana mahali ambapo sayansi imekataa kujibu, mganga hujibu siku hiyo hiyo.

Aliyebadili mkondo wa mambo ni afisa wa kliniki kijana, katika hospitali ndogo isiyo na mashine yoyote ya ajabu. Alimsikiliza kwa muda wa dakika 20. Alimpima shinikizo la damu, akachovya kijiti cha kupimia katika mkojo wake, akaona protini, akaandika kwenye barua ya rufaa: inashukiwa lupasi, figo zichunguzwe haraka. Kijiti kile kiligharimu pesa kidogo kuliko nauli iliyomfikisha pale. Miaka miwili ya mateso ilikuwa imesubiri kijiti kimoja na mtu mmoja wa kufikiri.

Hata hivyo safari haikuishia hapo. Sampuli ya damu ilibidi ipelekwe Nairobi, nasi tukailipia kutoka mfukoni. Kumwona daktari bingwa kulichukua miezi minne. Bingwa huyo alitueleza kwa uaminifu kwamba kila dalili yaelekea kwenye lupasi, lakini ili kujua figo zimefikia hali gani, hapana budi kuchukua kipande kidogo cha figo kwa sindano na kukichunguza kwa darubini. Ninapoandika maneno haya, kipimo hicho bado kinangojewa. Msichana ameanza dawa, lakini jibu kamili halijapatikana, na kila wiki inayopita ni wiki ya figo zake.

Ni lazima nimtendee haki daktari pia. Utambuzi wa lupasi si jambo la kipimo kimoja. Kipimo cha damu kiitwacho ANA hutoka chanya kwa karibu wagonjwa wote wa lupasi, lakini hutoka chanya pia kwa watu wengi wenye afya njema. Kwa kiwango cha 1:160, takriban mtu mmoja kati ya 20 wasio na ugonjwa wowote huonekana chanya. Kwa hiyo maabara inayokuuzia ANA bila daktari wa kuifasiri imekuuzia hofu. Vyama vya mabingwa wa Ulaya na Marekani vilikubaliana mwaka 2019 juu ya utaratibu wa kuainisha lupasi, ambao ANA ni mlango tu wa kuingilia. Baada ya mlango huo huhesabiwa dalili za ngozi, viungo, damu na figo, pamoja na kingamwili nyinginezo, kila moja kwa alama zake. Huo ulitungwa hasa kwa ajili ya utafiti, lakini unatufundisha jambo moja kubwa: jibu hupatikana kwa kukusanya dalili pamoja, na kukusanya kunahitaji kumbukumbu. Mgonjwa wetu kila aendako huanza upya kwa daftari jipya la shilingi chache, kana kwamba alizaliwa jana.

Sasa natoka hospitalini naingia katika uwanja wangu, ambao ni sheria. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, pamoja na huduma za afya. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya huduma za afya, na kutamka kwamba maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu chake cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali ya afya yake, vipimo na matibabu yaliyopo, manufaa yake, hatari zake na gharama zake, tena kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa. Kifungu cha 14 cha sheria hiyo kinampa mgonjwa haki ya kulalamika kuhusu namna alivyohudumiwa na kutaka lalamiko lichunguzwe. Kifungu cha 35 cha Katiba kinamruhusu raia kudai habari zilizo mikononi mwa Serikali, na hata zilizo mikononi mwa mtu binafsi iwapo anazihitaji ili kulinda haki yake. Hospitali ya kibinafsi, kwa hiyo, haina kisingizio cha kumnyima mgonjwa nakala ya matokeo yake.

Wako watakaosema kwamba haya ni maneno matamu ya karatasi. Nawakumbusha mwaka 2012. Wananchi watatu waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI walikwenda Mahakama Kuu kupinga sehemu za sheria ya bidhaa ghushi ya mwaka 2008, wakihofia kwamba zingewanyima dawa za bei nafuu. Mahakama ilikubaliana nao kwamba haki zao za uhai, heshima na afya zilikuwa hatarini. Watu watatu wagonjwa waliisimamisha sheria ya Bunge. Karatasi ya Katiba ni karatasi tu mpaka mwananchi aishike mkononi.

Hoja ya pili tutakayojibiwa nayo naijua: nchi haina fedha, na maradhi haya ni ya wachache. Kuhusu fedha, Katiba ilikwisha kuliona jibu hilo kabla halijatolewa. Kifungu cha 20(5) kinasema Serikali ikidai haina rasilimali za kutimiza haki kama hii, ni juu yake yenyewe kuthibitisha dai hilo. Mzigo wa ushahidi haumwangukii mgonjwa. Na itathibitishaje, ilhali mwaka 2001 huko Abuja viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na ahadi hiyo hapa kwetu ingali deni? Itathibitishaje, ilhali kwa mujibu wa utaratibu wa bima ya afya ya jamii ulioanza Oktoba 2024 mfanyakazi anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, na hata maskini anatakiwa kuchangia angalau shilingi 300 kwa mwezi? Anayetoa ana haki ya kuuliza anachonunua. Sheria hiyo ina mfuko wa dharura na maradhi sugu. Ni jambo jema. Lakini ugonjwa huitwa sugu baada ya kupata jina. Je, nani anayelipia safari ya kulitafuta jina?

Kuhusu uchache wa wagonjwa, hoja hii hujizunguka yenyewe. Hatuwaoni kwa sababu hatuwapimi, na hatuwapimi kwa sababu tunasema hawapo. Msichana aliyekufa kwa figo bila kutambuliwa aliandikwa kwamba alikufa kwa figo. Aliyezikwa kwa minong'ono ya uchawi hakuandikwa popote. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Safari hii anayeficha si mgonjwa.

Wala tusigeuze hasira yetu kwa muuguzi mmoja anayehudumia watu 100 kwa siku, au kwa daktari aliyegoma akidai mkataba uheshimiwe. Madaktari bingwa wa maradhi ya viungo na kinga ya mwili ni wachache mno katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu takriban milioni 47.6, na wengi wao wako Nairobi. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutokuwa mahali pawili. Wa kulaumiwa ni wale waliopanga kwamba maarifa yakae mji mmoja na wagonjwa wakae kaunti 47.

Tunadai nini? Tunadai mambo yanayowezekana, tena matano.

Kwanza, iwepo kanuni ya safari ya tatu. Kijana yeyote anayerudi hospitalini mara ya tatu kwa homa, uchovu au maumivu yale yale asiandikiwe tena dawa ya kubahatisha. Apimwe mkojo kwa kijiti, shinikizo la damu, hesabu kamili ya chembe za damu na utendaji wa figo, na dalili zake zote ziandikwe mahali pamoja. Hospitali za kaunti ndogo zinapaswa kuyaweza haya bila kusubiri mashine kutoka ng'ambo.

Pili, isafiri sampuli, si mgonjwa. Kenya tayari inajua kufanya hivyo. Sampuli za damu za watu waishio na virusi vya UKIMWI husafirishwa kutoka vituo vya mashambani hadi maabara kubwa, na matokeo hurudi. Njia hiyo hiyo ibebe na sampuli ya msichana huyu.

Tatu, mabingwa wachache tulio nao wawezeshwe kuzuru kaunti kwa ratiba inayojulikana, na kila afisa wa kliniki awe na nambari ya bingwa wa kumpigia simu. Afisa yule kijana niliyemtaja asiwe ajali njema; awe kawaida.

Nne, bima ya taifa itangaze waziwazi, kwa Kiswahili, ni vipimo gani vya maradhi ya kinga inavyolipia, katika hospitali za ngazi gani na kwa kiasi gani. Dawa ya haidroksiklorokwini, ambayo ni mhimili wa tiba ya lupasi, isikosekane. Mwaka 2020, dunia ilipoikimbilia dawa hiyo kwa uvumi kwamba inaponya korona, wagonjwa wa lupasi katika nchi nyingi waliikosa. Tusingoje uvumi mwingine.

Tano, kila kaunti ihesabu na kutangaza: ni vijana wangapi waliotambuliwa, na ilichukua muda gani tangu dalili ya kwanza. Kisichohesabiwa hakitengewi fedha.

Na wewe mzazi usingoje Serikali izinduke ndipo uanze. Nunua daftari moja, ulitunze kama hati ya shamba. Andika tarehe ya kila homa, kila uvimbe, kila dawa. Upele ukitokea, upige picha kwa simu, kwa maana siku ya daktari huenda umetoweka. Dai nakala ya kila tokeo la maabara. Omba mkojo upimwe. Usimnunulie mtoto prednisoloni dukani bila daktari. Na ikiwa ameitumia kwa wiki kadhaa, usiikatize ghafla bila ushauri wake, kwani kuikatiza kunaweza kuhatarisha maisha. Kabla ya kutoka katika chumba cha daktari, uliza maswali matatu, kwa heshima lakini bila woga: Unashuku nini? Ni kipimo gani kitakachothibitisha au kukanusha? Asipopata nafuu, turudi lini na twende wapi? Ukinyimwa majibu, andika lalamiko, liweke muhuri wa kupokewa, ubaki na nakala. Mawakili wa nchi hii nao wajue kwamba Kifungu cha 22 kinawaruhusu kwenda mahakamani kwa niaba ya asiyeweza kwenda mwenyewe, na kwamba kufungua shauri la namna hiyo hakutozwi ada.

Wananchi wenzangu, haki nyingi tunazozifurahia leo ziliitwa ndoto na wakubwa wa jana. Haki ya mtoto wa maskini kuambiwa anachougua, mapema, kwa lugha anayoielewa, kabla figo zake hazijateketea, si kubwa kuliko hizo. Mnapokutana na mwakilishi wenu wa wadi, msimwulize habari za barabara peke yake. Mwulizeni pia: katika hospitali yetu, kijiti cha kupimia mkojo kipo? Na kama hakipo, tangu lini, na kwa nini?